Vidonge vya uyoga: Tia mkono ndani kabla ya kununua



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, siku hizi ni nadra kukuta mtaa usio na muuzaji wa bidhaa za uyoga. Kuna kahawa ya uyoga, chai ya uyoga, unga wa kwenye makopo, kapsuli, na hata dawa ya mswaki. Bidhaa hizi huuzwa nyumba kwa nyumba, kwenye semina, kwenye makundi ya simu, na mara nyingine nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa. Muuzaji mara nyingi si mtu wa mbali. Ni jirani, ni shemeji, ni dada tunayekaa naye darsa moja. Huanza kwa Bismillahi, akataja magonjwa kumi na tano, kisha akataja bei.

Makala hii haikusudii kusema uyoga ni kitu kibaya. Uyoga ni chakula kizuri na ni katika neema za Allah. Tunachokusudia ni kujibu swali ambalo wengi wananiuliza zahanatini: nitajuaje kama hiki nilichouziwa ni uyoga kweli, na tena kama kina faida ninayoambiwa?

Kilichonifanya niandike

Siku moja aliletwa kwetu mama wa makamo, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi. Alikuwa mdhaifu, kiu haimwishi, na kidole cha mguu wa kulia kilikuwa na kidonda kinachonuka. Tulipompima sukari, mashine haikutoa namba, kwa kuwa sukari ilikuwa imepita kiwango inachoweza kusoma. Nikamuuliza kuhusu vidonge vyake vya metformini. Akasema aliviacha zaidi ya miezi miwili iliyopita, kwa sababu aliambiwa kuwa dawa za hospitali “zinagombana” na uyoga.

Akafungua mkoba, akatoa kopo alilolifunga vizuri ndani ya leso. Binti yake akasema fedha za kununulia makopo mawili zilitoka kwenye zamu ya mama ya mchezo wa kupeana. Nikafungua kapsuli mbili mbele yao. Ndani mlikuwa na unga laini wenye rangi ya maziwa. Nikaukoroga kwenye maji, nikaacha utulie, nikadondosha matone ya iodini. Maji yakawa bluu iliyoiva hadi kukaribia weusi. Yule binti, mwanafunzi wa sekondari, akaniwahi: “Hiyo si ndiyo rangi ya wanga?” Ndiyo, ilikuwa rangi ya wanga. Mama alikuwa akimeza wanga asubuhi na jioni huku akijua anatibu kisukari.

Tulimwanzishia huduma ya haraka na kumpa rufaa. Alhamdulillah maisha yake yalisalimika, lakini kidole kilikatwa. Nimeandika kwa ajili ya kidole kile, ili msomaji asisubiri kufika pale.

Uyoga unaouzwa ni upi?

Unaotajwa zaidi ni ganoderma, ambao Wajapani huuita reishi na Wachina huuita lingzhi. Huota kwenye mashina ya miti, una rangi nyekundu ya kahawia, sura kama figo au feni, na ukikauka huwa mgumu kama ubao. Kwa ugumu huo haupikwi mchuzi. Kwa mamia ya miaka watu wa China wamekuwa wakiuchemsha muda mrefu na kunywa maji yake. Wapo pia kodisepsi, shiitake, chaga na wengineo.

Vitu viwili ndivyo hutajwa zaidi katika ganoderma. Cha kwanza ni beta-glukani, aina ya nyuzinyuzi iliyomo katika kuta za seli za uyoga. Cha pili ni tritapini, ambazo ndizo zinazoupa uyoga huo uchungu wake. Msomaji ashike maneno haya mawili, tutayarudia.

Hadithi ya kam’a isitumike vibaya

Wauzaji wengi hutaja hadithi ya uyoga, nasi kama Waislamu moyo hulainika tunaposikia jina la Mtume (s.a.w.). Ni kweli kwamba katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Said bin Zayd (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba kam’a ni katika manna, na kwamba maji yake ni ponyo la jicho. Hadithi ni sahihi, na sisi tunaiamini.

Lakini kam’a ni uyoga wa jangwani unaoota chini ya ardhi, wenye umbo la kiazi. Waarabu huufukua katika nyika za Bara Arabu baada ya mvua, na mpaka leo huuzwa katika masoko ya Ghuba kama chakula cha thamani. Si ganoderma ya kwenye shina la mti, wala si kodisepsi ya milima ya Tibet. Hadithi imetaja maji yake, na imetaja jicho. Haikutaja kapsuli, haikutaja saratani, wala haikutaja kuacha dawa ya presha. Kumsemea Mtume (s.a.w.) jambo ambalo hakulisema ni dhambi kubwa, hata kama nia ni kuuza kitu chenye manufaa. Wala asitokee mtu akatia unga wa kopo jichoni kwa kisingizio cha hadithi hii. Atalidhuru jicho.

Ipo hadithi nyingine inayofaa zaidi kwa mlango huu, nayo imo katika Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, akajibiwa kuwa ni mvua. Ndipo alipomuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu watu waione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Angalia, ndugu yangu: Mtume (s.a.w.) hakutosheka na sura ya juu ya rundo. Alitia mkono. Kupima bidhaa kabla ya kulipa si kumdhania vibaya mwenzio, bali kuna mfano mwema.

Udanganyifu unaingilia wapi?

Kwanza, ni nafaka kuuzwa kwa jina la uyoga. Wakulima wetu wa uyoga wa mamama wanaijua “mbegu ya uyoga”. Ni nafaka kama mtama au ngano iliyochemshwa, ikawekwa kwenye chupa, na nyuzi nyeupe za uyoga zikatambaa juu yake na ndani yake. Baadhi ya viwanda huotesha nyuzi hizo juu ya mchele au shayiri, kisha badala ya kungoja uyoga wenyewe uchomoze, hukausha vyote pamoja na kusaga. Kinachopatikana ni nyuzi kidogo na nafaka nyingi. Kwenye kopo wameandika “uyoga”, na picha ni ya uyoga mzuri mwekundu ambao haumo ndani.

Pili, ni kuchanganya unga wa kujazia, kama wanga wa mahindi au maltodekstrini, ili uzito uongezeke. Tatu, ni jina lisilolingana na kilichomo. Nne, ni kiasi kidogo mno: kijiko cha kahawa yenye sukari na krimu nyingi, na uyoga wa kupitishwa juu juu tu.

Tano, na hii ndiyo hatari zaidi, ni kutia dawa ya hospitali kwa siri ili mtumiaji aone “matokeo”. Mwaka 2008 huko Singapore, katika miezi mitano ya mwanzo wa mwaka, watu 150 wasio na kisukari walifikishwa hospitalini kwa sukari kushuka mno, na 4 kati yao wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kuwa vidonge bandia na dawa za mitishamba za nguvu za kiume zilizokuwa zikiuzwa zilikuwa na glibenklamidi, dawa kali ya kushusha sukari. Haukuwa uyoga, lakini njia ya udanganyifu ni ile ile. Kwa hiyo kidonge cha “asili” kinachofanya kazi ndani ya saa moja kisikufurahishe haraka. Kikutie wasiwasi.

Mtu asiseme kuwa haya ni ya kwetu sisi maskini tu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 19 za reishi zilizonunuliwa Marekani. Ni 5 tu zilizolingana na lebo zake. Nyingi kati ya zilizobaki hazikuwa na tritapini zinazotarajiwa, na sukari zake zilishabihiana na wanga kuliko uyoga. Mwaka 2018 watafiti wengine walipima vinasaba vya bidhaa za reishi wakakuta asilimia 93 ya zile za viwandani ni jamii ya Ganoderma lingzhi, ilhali ziliandikwa Ganoderma lucidum. Hili la pili si lazima liwe wizi, maana majina ya jamii hizi yamechanganywa kwa miaka mingi. Lakini linatuonyesha kuwa jina la kwenye kopo si ushahidi wa kutosha.

Vipimo unavyoweza kufanya nyumbani

Vipimo hivi si vya maabara. Vinaweza kukuonyesha ubaya ulio wazi, lakini haviwezi kukuhakikishia uzuri. Tafadhali lishike hili kabla hujaanza.

1. Macho. Fungua kapsuli moja kwenye sahani nyeupe. Unga wa ganoderma halisi, yaani wa uyoga wenyewe, huwa wa kahawia au wenye wekundu. Ukikuta unga mweupe au wa rangi ya maziwa, shuku kuwa ni nafaka. Angalia pia madonge, ukungu, wadudu na harufu ya kuvunda. Ukiyakuta, tupa.

2. Ulimi. Fanya hivi kwa bidhaa iliyofungwa vizuri kiwandani tu, wala si kwa uyoga uliochumwa porini. Gusa chembe kidogo kwa ncha ya ulimi, kisha tema. Ganoderma ni chungu. Kama ni tamu au ina ladha ya unga wa uji, uliza maswali. Lakini kumbuka uchungu nao huweza kughushiwa, kwani mwarobaini na shubiri ni vichungu vilevile.

3. Maji. Tia robo ya kijiko cha chai cha unga katika nusu glasi ya maji ya moto, ukoroge. Kama lebo inasema ni kamulio, yaani uyoga ulichemshwa na maji yake yakakaushwa kuwa unga, sehemu kubwa itayeyuka. Kama ni uyoga uliosagwa tu, mwingi utazama chini. Vyote viwili vinaweza kuwa uyoga, ila usiuziwe cha pili kwa bei ya cha kwanza. Yakigeuka mazito kama uji, huo ni wanga.

4. Iodini. Hiki ndicho kipimo chenye nguvu zaidi kati ya hivi vinne, na watoto wetu hukifanya shuleni kwenye somo la sayansi. Nunua duka la dawa kichupa cha iodini ya kusafishia vidonda, ile ya rangi ya kahawia. Povidoni iodini pia inafaa. Kisha fuata hatua hizi:

(a) Tayarisha vikombe vitatu vyeupe. Cha kwanza kiwe na maji matupu yaliyochemshwa. Cha pili kiwe na uji mwepesi sana wa unga wa mahindi. Cha tatu kiwe na unga wa kapsuli uliokorogwa kwenye maji ya moto.

(b) Acha vyote vipoe kabisa. Usiharakishe, kwa sababu rangi ya wanga na iodini hupotea kwenye joto na unaweza kudanganyika.

(c) Unga wa kapsuli ukishatuama, chota maji ya juu. Kama ni meusi sana, yaongeze maji mpaka yawe mepesi ili rangi ionekane.

(d) Dondosha matone mawili au matatu ya iodini kila kikombe.

Maji matupu yatabaki na rangi ya iodini, yaani njano au kahawia. Uji utakuwa bluu-nyeusi. Sasa tazama kikombe cha tatu kinafanana na kipi. Uyoga wenyewe hauhifadhi chakula chake kama wanga. Huhifadhi glikojeni, kama miili yetu inavyofanya, na glikojeni ikikutana na iodini hutoa kahawia au wekundu hafifu. Hivyo basi, bluu-nyeusi iliyokolea maana yake ndani kuna wanga mwingi, ambao umetoka kwenye nafaka au unga wa kujazia.

Mipaka ya kipimo hiki ni hii. Rangi isipobadilika haina maana kuwa ni ganoderma halisi. Mtu anaweza kusaga gome la mti, na gome halina wanga wa kutosha kuonekana. Maltodekstrini nayo mara nyingi haitoi bluu. Aidha, iodini haionyeshi madini mazito wala dawa iliyofichwa. Ulichopima usinywe wala usiwape kuku. Mwaga, osha vikombe kwa sabuni, na kichupa kiweke mbali na watoto.

Tia mkono kwenye maandishi pia

Muuzaji akikupa kopo, soma kabla ya kusikiliza. Tafuta mambo haya:

Jina la kisayansi la uyoga. Neno “uyoga wa ajabu” si jina.

Sehemu iliyotumika: uyoga wenyewe, au nyuzi zilizooteshwa kwenye nafaka.

Kiasi cha beta-glukani. Hapa pana mtego. Makopo mengi huandika kiasi kikubwa cha “polisakaridi”. Neno hili linajumuisha sukari zote zilizoungana kwa mnyororo mrefu, na wanga wa muhogo na mahindi umo ndani yake. Kwa hesabu hiyo hata ugali una polisakaridi nyingi! Kinachotakiwa ni beta-glukani kuandikwa peke yake.

Namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, na anuani kamili ya kiwanda.

Kisha omba cheti cha uchunguzi wa maabara. Hakikisha namba ya toleo kwenye cheti ndiyo iliyo kwenye kopo lako, na jina la maabara limeandikwa. Cheti kinatakiwa kionyeshe utambulisho wa uyoga, vijidudu, na madini mazito: risasi, zebaki, kadmiamu na aseniki. Hili la madini lina uzito wake, kwa sababu uyoga una tabia ya kufyonza madini kutoka pale unapoota. Ukiota penye uchafu wa viwanda, huubeba ule uchafu. Picha ya cheti cha miaka mingi iliyopita kwenye simu ya muuzaji haitoshi.

Mwisho, uliza usajili. Tanzania Bara, mambo ya dawa yako chini ya TMDA, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa TBS. Dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo hupima vyakula na dawa. Zanzibar ipo ZFDA, na Kenya ipo Bodi ya Famasia na Sumu pamoja na KEBS. Bidhaa iliyosajiliwa kama chakula haina ruhusa ya kunadiwa kuwa inatibu saratani. Ukisikia hivyo, muuzaji amevuka mpaka wa cheti chake mwenyewe.

Na uhalali wake je?

Uyoga wenyewe asili yake ni halali maadamu hauna sumu. Lakini tuangalie kinachoandamana nao.

Ganda la kapsuli. Makapsuli mengi hutengenezwa kwa jelatini inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ya nguruwe ni haramu. Ya ng’ombe asiyechinjwa kisheria wanavyuoni wamejadiliana juu yake, na anayetaka ufafanuzi amuulize shekhe wake. Njia ya salama ni kutafuta kapsuli za mimea, au kununua unga mtupu.

Pombe. Baadhi ya dawa za maji za uyoga hukamuliwa na kuhifadhiwa kwa kileo. Soma viambato.

Kodisepsi. Ile ya asili ya milima ya Tibet huota juu ya kiwavi wa nondo, ikamuua na kumjaa mwilini, na huuzwa pamoja na mwili wa kiwavi huyo. Wanavyuoni wengi hawaruhusu kula wadudu isipokuwa nzige. Nyingi zinazouzwa leo kwenye makopo huoteshwa kiwandani bila kiwavi, lakini huwezi kujua mpaka uulize.

Hata ukiwa halisi

Tuseme umepima, umesoma, na ni ganoderma safi. Je, inatibu? Watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, waliipitia. Kuhusu saratani, waliona hakuna ushahidi wa kutosha kuifanya tiba ya msingi. Kuhusu wagonjwa wa kisukari cha ukubwani, katika ripoti ya mwaka 2015, waliona ushahidi hauungi mkono kuitumia kupunguza hatari za moyo kwa wagonjwa hao. Anayekwambia imethibitishwa kutibu magonjwa hayo anasema asichokuwa na elimu nacho.

Tena kitu halisi kina nguvu zake. Ganoderma inaweza kuongeza uwezekano wa kutoka damu kwa mtu anayetumia warfarini au aspirini, na inafaa iachwe mapema kabla ya upasuaji. Wamewahi kuripotiwa watu walioumia ini baada ya kutumia unga wake. Chaga ina oksaleti nyingi, na imeripotiwa kudhuru figo kwa mtu aliyeitumia muda mrefu. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasipewe. Kahawa ya uyoga yenye sukari si kinywaji cha mgonjwa wa kisukari, hata ikiitwa dawa. Ukiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekuwa mweusi, mwili unawasha au fizi zinatoka damu, acha mara moja na uende kituo cha afya. Nenda na kopo lako, usilifiche. Sisi watoa huduma hatutakukemea, tunahitaji kujua tu ulichomeza.

Na neno ambalo kila nyumba ilihifadhi ni hili: usiache dawa ya kisukari, presha, kifafa, kifua kikuu wala ARV kwa sababu ya uyoga. Akikutaka uache, huyo si mshauri wako.

Kama lengo lako ni lishe, uyoga wa mamama unaolimwa na akina mama wa hapahapa kwa majani ya migomba na maganda ya pamba una protini, una nyuzinyuzi, na una beta-glukani pia. Unauona kwa macho yako kuwa ni uyoga, na unaupika nyumbani.

Haki yako na wajibu wa muuzaji

Katika fikihi ya biashara tuliyoisoma madrasa, mnunuzi akigundua aibu iliyokuwa imejificha ndani ya bidhaa, ana khiyari ya kuirudisha na kupewa fedha zake. Idai haki hiyo kwa upole, bila kugombana. Na wewe muuzaji, ndugu yangu, usiapie usichokijua. Imepokewa kuwa kiapo hupitisha bidhaa lakini hufuta baraka. Na katika Abu Daud imepokewa kuwa mwenye kutibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya utabibu hubeba dhamana ya madhara yanayotokea. Bidhaa yako ipime wewe kwanza kabla hujapimiwa.

Jirani aliyemuuzia yule mama hakuwa mwizi. Naye alikuwa ameuziwa, kwa fedha za mkopo, na aliamini alichoambiwa kwenye semina. Familia ilipomfuata kwa wema, alikuja zahanatini na makopo aliyobakiwa nayo, akaomba aone kwa macho yake. Tukafungua kila moja, na yeye mwenyewe akadondosha iodini. Baada ya pale alikubali kurudisha fedha za mama kidogo kidogo, na hakuuza tena kopo hata moja. Mama naye hivi sasa anameza metformini zake baada ya kula, na sukari yake inapimwa kila anapokuja kliniki.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe riziki ya halali isiyo na ghushi ndani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.